Vilima Vinavyoficha: Sayansi ya Misheni za Kando

Katika GTA: San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004 na inayochezwa hadi leo kote Afrika Mashariki, Carl Johnson (CJ) ana genge la kufufua, kifo cha mama yake cha kulipizia na polisi wafisadi wa kukwepa. Hadithi inamsukuma mbele bila huruma. Lakini mchezaji akiteka ambulensi na kubonyeza kitufe kimoja, shughuli nyingine kabisa huanza: kukimbiza majeruhi hospitali. Akimaliza ngazi zote 12, uhai wa CJ huongezeka. Akiteka teksi na kubeba abiria 50, teksi zote hupata naitro. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo inayohitajika ili hadithi ifike tamati.

Hizo ndizo misheni za kando, na kwa wachezaji wengi ndizo hubaki kichwani hata baada ya mhusika mkuu kusahaulika.

Katika masoko kama Nyakoe, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu, misheni za namna hii zimekuwa na adui mmoja: muda. Kwenye vibanda vya gemu vya miji midogo ya Kenya, mteja hulipia mechi au dakika, huku wenzake wakiisubiri pedi nyuma yake. Kandanda hutawala kwa sababu mechi huisha upesi na aliyefungwa humpisha mwingine. Nani atavumilia kumtazama jirani akitafuta viatu 50 vya farasi mjini Las Venturas? Simu ndiyo iliyobadilisha hesabu. San Andreas iliingia kwenye simu Desemba 2013, na programu ya PPSSPP, iliyotoka 2012, huiwezesha simu ya kawaida ya Android kuendesha gemu za PSP kama God of War: Ghost of Sparta. Mwenye gemu yake mfukoni hapigiwi kelele aachie pedi. Ana ruhusa ya kupotea.

Kupotea nako kuna sayansi yake. Mwaka 1994, George Loewenstein, mtafiti wa uchumi na saikolojia, alieleza udadisi kuwa pengo kati ya kile mtu anachokijua na kile anachotaka kukijua. Pengo hilo halimsumbui asiyejua lolote. Humkera aliyeonja kidogo: ameona moshi nyuma ya miti, ila hajui nani amekoka moto. Miaka 20 baadaye, timu ya Matthias Gruber na Charan Ranganath katika Chuo Kikuu cha California, Davis, iliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, ikawauliza maswali ya chemshabongo, kisha ikawachelewesha kidogo kabla ya kuwapa jibu. Wakiwa wanangoja, walionyeshwa sura ya mtu asiyehusika kabisa na swali. Waliokuwa na hamu kubwa ya jibu walilikumbuka vizuri zaidi, jambo lisiloshangaza. La kushangaza ni kwamba waliikumbuka zaidi na ile sura iliyopita njiani.

Wabunifu wa Nintendo walilifanyia kazi pengo hilo la udadisi kwa kutumia vilima. Katika mkutano wa watengenezaji gemu wa CEDEC, Japani, mwaka 2017, walieleza jinsi walivyoipanga ardhi ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild kwa maumbo ya pembetatu. Kilima humlazimisha mchezaji kuchagua: apande au azunguke? Tena huziba kilicho nyuma yake, kisha hukifichua hatua kwa hatua. Mtu huanza safari akielekea kwenye mnara, akaona hekalu pembeni, akageukia huko, na usiku ukamkuta kwenye bonde asilolipangia.

Aliyekulia Nyakoe ameishi ndani ya ramani ya aina hiyo. Gusii ni nchi ya migongo ya vilima na mabonde membamba. Njia hupinda, mgomba huziba, kisha ghafla ukingo wa Manga unajitokeza, mahali ambapo simulizi za shimo la Ngoro ya Mwaga zimewavuta vijana kwa vizazi. Huenda malezi hayo yana faida inayopimika. Mwaka 2022, jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa Antoine Coutrot na wenzake uliotumia gemu ya simu iitwayo Sea Hero Quest, iliyochezwa na watu karibu 400,000 kutoka nchi 38. Waliokulia nje ya miji walikuwa hodari zaidi wa kutafuta njia, huku waliokulia katika miji ya mitaa iliyonyooka kama Chicago wakipata tabu njia zilipopindapinda. Kwa kipimo hicho, vijia vya Kitutu, eneo la Nyakoe, si shule mbaya.

Gemu yenyewe pia huenda ikaugusa ubongo. Simone Kühn na wenzake mjini Berlin waliripoti mwaka 2014 kwamba watu waliocheza Super Mario 64 DS kwa miezi miwili, angalau nusu saa kila siku, waliongezekewa na mada ya kijivu ya ubongo katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu na mahali. Kundi lilikuwa dogo, hivyo tahadhari inafaa. Lakini gemu waliyochagua inachekesha kwa kufaa kwake: ina nyota 150, na zinazohitajika kumfikia adui wa mwisho ni 80 tu.

Si kila kazi ya kando ina utamu. Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake walionyesha kwamba watoto wapenda kuchora, wakiahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kwa hiari kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Ramani iliyojaa alama mia za kufyeka ina ugonjwa huo huo: udadisi unageuka kibarua. Zelda iliukejeli wazi. Mwenye kukusanya mbegu zote 900 za viumbe waitwao Korok huzawadiwa kinyesi cha dhahabu. Linganisha na Marvel's Spider-Man 2 ya 2023, ambamo mzee Howard anaomba tu njiwa wake wasindikizwe. Hakuna vita, na wachezaji wengi walimlilia.

Anayetaka kuzifaidi basi aanze kwa kuzima alama za ramani inapowezekana. Breath of the Wild ina mpangilio wa kufanya hivyo. Asome mbao za matangazo vijijini katika The Witcher 3, na asikawie: baadhi ya misheni zake hufa hadithi kuu ikisonga mbele.

Na kwa vijana wa Kisii na Nyamira wanaojifunza kuandika programu, hadithi kuu ipo tayari: Moraa Ng'iti, nabii aliyewachochea vijana wapigane, na Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa wa kikoloni Geoffrey Northcote mwaka 1908. Za kando hazihesabiki, kuanzia wachongaji mawe wa Tabaka hadi wapigaji obokano, kinubi cha Wagusii. Kiro'o Games ya Kameruni ilikwisha kutoa Aurion mwaka 2016, gemu ya mapigano na hadithi iliyobuniwa Yaoundé. Godot, programu ya kutengenezea gemu, hupakuliwa bure. Tengenezeni.