Vitabu vya Mitishamba: Kipi Kiingie Nyumbani Mwetu?



Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, bibi mmoja alimleta hospitalini kwetu mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa ametapika na kuharisha usiku kucha. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilichelewa kurudi. Tulimwekea dripu mara moja. Nilipomwuliza bibi kama mtoto alipewa dawa yoyote nyumbani, alifungua fundo la kanga yake akatoa kijitabu alichonunua stendi ya mabasi. Kiliandikwa kwamba mbegu za mbono husafisha tumbo lenye minyoo. "Nesi," akasema, "nimefanya kama walivyoandika."

Tulimtuma mjomba wa mtoto akalete tawi la mti wenyewe. Alirudi na tawi la mbono kaburi, ule mti ambao watu huupanda kuwa ua wa nyumba, na pengine makaburini. Mbegu zake ni sumu. Labda mwandishi alikusudia mbono mwingine, ambao wengi huuita mbarika au mnyonyo. Huo ndio utoao mafuta ya nyonyo, yaliyotumika tangu zamani kuendesha tumbo. Lakini hata mbegu za mbarika zikitafunwa ni sumu kali. Kinachotumika ni mafuta yaliyokamuliwa na kutayarishwa vizuri. Kijitabu kile hakikueleza hata moja kati ya hayo. Kilisema "mbono", basi.

Mtoto alipona baada ya siku tatu. Bibi yake hakuwa mzembe wala mjinga. Alijua kusoma, akaamini kilichochapwa. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya familia nyingi zenye vijitabu vya namna hiyo kabatini, mwezi huu tuzungumze juu ya vitabu vya mitishamba.

MITISHAMBA SI YA KUDHARAU

Wako wanaodhani kwamba sisi wa hospitali tunachukia dawa za miti shamba. Sivyo. Kwinini ilitoka katika magome ya mti. Mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, hutoka katika utomvu wa mmea wa afyuni. Dawa ya vinkristini, tunayowapa watoto wenye saratani, hutoka katika mmea wa Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi, ambao wengi wetu tunaupanda bustanini kwa uzuri wake tu. Hapa nchini, Muhimbili walianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Nasi Wakatoliki tunacho Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho sura yake ya 38 yafundisha kumheshimu tabibu na pia dawa itokayo ardhini. Yote mawili pamoja.

VITABU VITATU NILIVYOVISOMA

Cha kwanza ni cha Profesa John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Kenya. Kinaitwa Medicinal Plants of East Africa, na kilitoka mara ya kwanza mwaka 1976. Ni cha Kiingereza, kinene, wala si cha kusomea jikoni. Uzuri wake ni kwamba kila mmea umeandikwa kwa jina la kitaalamu la Kilatini, pamoja na majina ya makabila mbalimbali. Kama kijitabu cha yule bibi kingefanya hivyo, mbono mmoja usingechanganywa na mwingine. Lakini msomaji awe mwangalifu. Kitabu hiki kinaeleza watu wanautumia mti kwa ugonjwa gani. Kuandika kwamba wazee wa mahali fulani hunywa mzizi huu kwa homa si kusema kwamba mzizi huu umethibitishwa kuponya malaria. Hayo ni mambo mawili.

Cha pili ni Natural Medicine in the Tropics, cha mfamasia Mjerumani Hans-Martin Hirt na Bindanda M'Pia wa Kongo. Hiki ni cha kutendea kazi. Kinafundisha kupima, kuchuja, kukausha kivulini, na kuandika tarehe kwenye chupa. Ningefurahi kama kila mtengenezaji wa dawa za asili angejifunza usafi huo. Jambo moja silikubali. Kundi la waandishi hao, liitwalo anamed, huhimiza chai ya artemisia kwa malaria. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hubadilika, tena hakitoshi kuua vimelea vyote. Mgonjwa hupata nafuu, halafu malaria hurudi. Kwa mtoto mdogo, kurudi huko kunaweza kuwa kifo.

Cha tatu ni Mahali Pasipo na Daktari, cha David Werner. Hiki kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kiliandikwa kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wanavijiji wa milimani huko Meksiko. Si kitabu cha mitishamba hasa, ila mwanzoni kabisa kinafundisha kupambanua dawa za nyumbani zinazosaidia, zisizo na faida, na zenye hatari, kama vile kupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu cha mtoto mchanga, jambo linaloleta pepopunda. Tena kinaeleza wazi ni wakati gani uache kutibu nyumbani ukimbilie hospitali. Kama familia ina fedha ya kitabu kimoja tu, ningeshauri hiki. Ila tafuteni toleo jipya, maana dawa za hospitali hubadilika.

NENO MOJA KITABUNI

Labda mtasema nesi huyu anakuza mambo madogo. Sikilizeni habari ya mama mmoja wa China, Tu Youyou. Mwaka 1971 alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika vitabu vya kale. Katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, aliona kwamba majani ya mmea uitwao qinghao yalilowekwa katika maji, kisha yakakamuliwa. Hayakuchemshwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa katika majaribio yake ya kwanza. Akaitoa dawa bila joto kali, ikafaa. Baadaye ikajaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu, kwa vipimo. Leo iko ndani ya vidonge vya mseto tunavyowapa wagonjwa wa malaria. Mwaka 2015 alipata tuzo ya Nobeli. Tofauti ya kukamua na kuchemsha ilitosha kuipoteza au kuiokoa dawa hiyo.

MASWALI MATANO YA KUKIULIZA KITABU

Kabla ya kununua, kifungue, ukiulize:

1. Ni mmea gani hasa? Pawe na jina la Kilatini na picha au mchoro ulio wazi.

2. Ni sehemu gani? Jani, gome, mzizi na mbegu za mti mmoja si sawa. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, lakini magome ya mizizi yake yana sumu.

3. Kiasi gani, na kwa umri gani? "Mkono mmoja" si kipimo. Mkono wa nani?

4. Nani asitumie? Mwarobaini unasifiwa kwa magonjwa arobaini, lakini mafuta yake yamewahi kusababisha degedege na vifo kwa watoto wachanga. Shubiri haifai kwa mjamzito. Kitunguu saumu kikitumiwa kwa wingi kama dawa huongeza hatari ya kutoka damu kwa mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda.

5. Kinasema lini niende hospitali? Kitabu kisichokuambia kamwe uende kwa daktari kirudishe mezani kilipokuwa. Vivyo hivyo kile kinachoahidi kwamba dawa moja huponya UKIMWI, saratani, kisukari na utasa.

MKIWA NYUMBANI

Chai ya mchaichai au tangawizi kwa mafua ya mtu mzima, hiyo haina neno. Lakini mtoto mwenye homa kali, degedege, kuhara damu, au asiyeweza kunyonya, msimtafutie ukurasa kitabuni, mleteni. Anayetumia dawa za kifua kikuu, ARV, kisukari au shinikizo la damu asiziache, wala asichanganye na mitishamba kabla ya kutuuliza.

Na kama mmekwisha kumpa mgonjwa dawa ya mti, tuambieni bila woga. Leteni tawi, na kitabu chenyewe. Hatutamgombeza mtu. Yule bibi alituambia ukweli tangu mlangoni, nasi tukajua ni sumu gani tunapambana nayo. Mjukuu wake sasa anasoma darasa la tatu.