Kabla Lori Halijapanda Mlima

Mama mpendwa, kuhamia shambani Usambara si sawa na kuhama mtaa. Kutoka Mombo hadi Lushoto kuna lami. Taabu huanza unapoacha njia kuu kuelekea vijijini. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo huteleza na lori hukwama.

Basi kabla ya kupatana bei, mwenye lori aione njia kwa macho yake, hasa madaraja na kona. Mwulize: likishindwa kufika, nani atawalipa wapagazi? Jibu liandikwe.

Na watoto wasipande juu ya mizigo, hata utingo akisema pana nafasi. Kabati likiserereka kwenye kona humbana mtoto. Sisi wauguzi tumeshafunga mifupa ya kutosha. Watangulie kwa basi. Kadi za kliniki na dawa zikae mkobani mwako.