Gofu huanza kabla ya fimbo kupanda

LILONGWE, Malawi

Mfanyabiashara aliyevuka mpaka wa Songwe na kuteremka kwa barabara kuu ya M1 hupita Kasungu na Mponela, kisha huikuta njia inayochepuka kwenda Dowa. Huko ndiko iliko Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Kutoka hapo hadi Lilongwe, penye uwanja wa gofu wa Lilongwe Golf Club, ni kilomita 40 hivi.

Raundi ya mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na muda mwingi wachezaji hutembea wakizungumza. Ndiyo maana watu wa biashara huupenda mchezo huu. Mgeni akialikwa uwanjani, wenyeji huanza kumpima kabla hajapiga mpira: anasimamaje, na mikono ameiwekaje? Mambo hayo mawili hayahitaji uwanja wala ada. Yanahitaji ufito na ukuta.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, fimbo hushikwa kwanza kwa mkono wa kushoto, ikilala kwenye vidole, si katikati ya kiganja. Akitazama chini, mchezaji aone vifundo viwili vya mkono huo. Mkono wa kulia hufuata chini yake na kufunika dole gumba la kushoto. Wengi hulaza kidole kidogo cha kulia juu ya vidole vya kushoto, mtindo uliopata umaarufu kupitia Muingereza Harry Vardon, bingwa wa The Open mara sita. Wengine, kama Jack Nicklaus na Tiger Woods, hufungamanisha vidole hivyo. Fimbo isibanwe, ishikwe kama mtu ashikavyo kifaranga asichotaka kimponyoke wala kiumie.

Baada ya mikono ni mwili. Kwa fimbo za chuma za kati, miguu hupanuliwa sawa na upana wa mabega, na magoti hulegea kidogo. Kuinama kuanzie kwenye nyonga huku mgongo ukibaki umenyooka. Mpagazi wa magunia anaijua tofauti: mgongo ukipinda kama upinde, kazi haifiki mbali. Uzito ukae katikati ya nyayo, si kwenye visigino. Mikono ining'inie kutoka mabegani, ikiacha nafasi ya ngumi moja hivi mbele ya mapaja, na viganja vitangulie mpira kidogo kuelekea shabaha. Kwa fimbo ndefu ya kuanzia, mpira huwekwa mkabala na kisigino cha kushoto.

Zoezi lake ni rahisi. Mtu husimama visigino vikiwa hatua fupi kutoka ukutani, kisha husukuma nyonga nyuma mpaka makalio yaguse ukuta. Ufito ukilazwa mgongoni, uguse kisogo, mabega na mwisho wa uti wa mgongo. Ukiachia sehemu moja, mgongo umepinda.

Kosa la hapa hulipwa baadaye. Mkono wa kushoto ukigeuzwa mno upande wa kushoto, uso wa fimbo huelekea kubaki wazi na mpira hukatika kwenda kulia. Wengi hujaribu kurekebisha kwa kupiga kwa nguvu zaidi, na mpira huzidi kupotea.

Wapo waliojengea maisha juu ya misingi hiyo. Dismas Indiza wa Kenya alianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji huko Mumias, akaishia kuwa mchezaji wa kulipwa.

Kwa kijana wa Dzaleka njia hiyo ni nyembamba. Makazi hayo yalipangiwa watu wasiozidi 12,000, lakini sasa yana zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti kuhusu kazi na uhuru wa kutembea. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi walioishi mijini warudi Dzaleka, na wengi waliokuwa na maduka waliyafunga.

Hivyo kijana huyo anaweza kuhesabu vifundo vyake na kujipima ukutani leo hii, sawa na mfanyabiashara aliyepanga chumba Lilongwe. Ni zile kilomita 40 za kwenda uwanjani ndizo zinazomtaka kibali.