Aliye juu tusimngoje chini

Asubuhi moja, katika barabara yenye shughuli tele jijini Nairobi, nilimwona kijana akipaka rangi ukuta wa jengo refu. Alikuwa ameketi juu ya kibao kilichofungwa kwa kamba moja, miguu yake ikining'inia kwenye orofa ya saba. Chini yake wapita njia walikuwa na hamsini zao. Nilipomuuliza msimamizi wake itakuwaje kamba ile ikikatika, alinijibu kwa utulivu: "Mzee, ajali haina kinga."

Waama, ni methali chache zinazotumiwa vibaya nchini kama hii. Wahenga walioitunga hawakukusudia kuwapa wanakandarasi kichaka cha kujifichia. Ajali ya kuanguka kutoka juu ina kinga, na kinga hiyo imejulikana kwa miaka mingi.

Ifahamike kwamba silaumu kazi ya kuning'inia kwa kamba. Jumba la KICC lilipokamilika mwaka wa 1973 likiwa na orofa 28, lilikuwa ajabu ya jiji. Leo Britam Tower, lililokamilika mwaka wa 2017 kule Upper Hill, lina urefu wa takriban mita 200. Nani atasimamisha viunzi hadi kileleni ili kupangusa vioo? Kamba haikwepeki. Swali ni kamba ngapi, na zimefungwa wapi.

Mbinu hii ilianzia kwa wapanda milima na wapelelezi wa mapango. Mafundi waliokarabati mitambo ya mafuta katika Bahari ya Kaskazini waliikuza, na mwishoni mwa miaka ya 1980 chama cha IRATA kikaundwa Uingereza ili kuiwekea kanuni. Msingi wake ni mwepesi kueleweka: fundi hufungwa kwa kamba mbili, kila moja ikiwa na egemeo lake. Ya kwanza humbeba na kumteremsha. Ya pili hungoja tu. Ya kwanza ikishindwa, kifaa kilichounganishwa na mkanda wa fundi huibana papo hapo. Pale kamba inapogusa ukingo wa zege, huwekewa kinga isije ikasagika. Kila chombo, hata brashi, hufungwa kisianguke, na eneo la chini huzungushiwa uzio.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Aliyeokolewa na mkanda hajasalimika bado. Akining'inia bila kujisogeza, damu hujikusanya miguuni, naye aweza kuzirai na hata kufa pasipo jeraha lolote. Ndiyo maana fundi hafanyi kazi hii peke yake. Sharti awepo mwenzake mwenye ujuzi wa kumteremsha upesi. Kungoja gari la zimamoto lipenye msongamano wa magari si mpango wa uokoaji.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtwika mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake. Ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka uo huo, humtaka awakatie bima, na fidia ya kifo ni mapato ya miezi 96. Lakini kibarua anayelipwa jioni mkononi, jina lake halimo katika daftari lolote. Akianguka, mjane wake atathibitisha vipi kwamba mumewe alikuwa kazini?

Wapo watakaosema vifaa hivi ni ghali. Hebu nao waweke bei ya kamba ya pili kwenye mizani pamoja na mapato hayo ya miezi 96, kisha watwambie kipi ni kizito. Serikali za kaunti nazo zisiidhinishe ramani ya jumba refu lisilo na maegemeo ya kamba kwenye paa. Na mwenye jengo, kabla ya kuuliza bei ya rangi, aulize kwanza mafundi wamefunzwa wapi.

Tumezoea kusema aliye juu mngoje chini, tukiwakejeli wenye majivuno. Kijana yule hakuwa na majivuno. Alikuwa na kibao, ndoo ya rangi na kamba moja, na yumkini watoto waliomngoja nyumbani jioni. Haki yake ni kushuka kwa miguu yake.