MANJANO YA INDIA NA HATAZA YA MAREKANI

Wanachama wengine hudhani kuwa hataza ni jambo la wenye viwanda vya Ulaya, wala halimhusu mwenye mikarafuu. Sivyo, na khabari ya manjano yaonyesha.

Hataza, ambayo wengi huiita patenti, ni hati ya Serikali inayompa aliyebuni jambo haki ya kuwazuia wengine wasilitumie wala wasiliuze bila ya idhini yake. Muda wake kwa kawaida ni miaka 20. Yatakiwa mambo matatu: jambo liwe jipya, lisiwe la dhahiri kwa fundi wa kazi ile, na liwe na manufaa.

Katika ombi, sehemu iliyo nzito kabisa ni madai. Madai huweka mipaka, kama hati ya shamba. Yakiwa mapana mno, yataingia katika shamba la watu. Yakiwa membamba mno, jirani atabadili kitu kidogo na kuiga kazi yako. Aliyebuni mashine ya kuchambua karafuu na makonyo asidai kila mashine ya kuchambua, wala asidai ile tu yenye matundu ya kipimo kimoja. Na adai ile njia mpya ya kutenganisha, kisha chini yake aongeze madai madogo ya vipimo.

Mwaka 1995 Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani, kilipewa hataza ya kuponesha majeraha kwa unga wa manjano. India dawa hiyo ilikuwa ikijulikana na kila bibi. Lakini sheria ya Marekani ya wakati ule haikuhesabu matumizi ya nchi nyengine ikiwa hayakuandikwa. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India likakusanya maandishi 32, mengine ya Kisanskriti, pamoja na makala ya jarida la madaktari ya 1953. Mwaka 1997 madai yakakataliwa, kwa kuwa jambo halikuwa jipya.

Kwa maombi ya tangu Machi 2013 sheria hiyo imebadilika, na matumizi ya nchi yoyote yahesabiwa. Hata hivyo, neno la mdomo ni zito kulithibitisha, na karatasi yenye tarehe ni shahidi asiyekufa.

Basi inafaa kila mwanachama ashike mambo mawili. La kale, kama vile wazee walivyotumia karafuu, majani na mafuta yake kwa dawa, liandikwe na lichapwe. Tuleteeni, tutalitia katika gazeti hili pamoja na tarehe. Jipya ulilolibuni mwenyewe usilionyeshe watu, wala usituletee sisi, mpaka uwe umekwisha peleka ombi. Katika nchi nyingi, jambo likishatangazwa huhesabiwa si jipya tena, hata kwa mwenyewe aliyelibuni.