Kontena limeshikwa, na mzigo wako umo ndani

Leo sina ofa, nina somo. Mimi limenigharimu, wewe lisome bure.

Nauza vifaa vya simu mtandaoni, nipo Mbagala. Mwaka jana kuelekea Krismasi nilichukua oda 31, wateja wakalipa nusu, nikaagiza kava, chaja na taa za kupigia picha kutoka Guangzhou. Mzigo wangu haukufika hata CBM moja, kwa hiyo ukapakiwa kwenye kontena la kuchangia, pamoja na mizigo ya watu ambao sijawahi kuwaona.

Meli ikafika Dar salama. Nikakimbilia kuweka stetasi: "Mzigo umeingia, wiki hii mnapokea." Siku tatu baadaye wakala akanipigia: "Mdogo wangu, kontena limeshikwa. Skana imeonyesha vitu ambavyo kwenye karatasi havipo."

Kumbe mwenzetu mmoja alikuwa na maboksi ya pawabenki, ila karatasi zilisema vyombo vya plastiki. Kontena likafunguliwa, likakaguliwa boksi kwa boksi. Siku 19 zikapita. Krismasi ikapita.

Mwanzoni nililaumu bandari. Nilipotulia nikaanza kuuliza na kusoma, nikaelewa. Betri za lithiamu zinaweza kushika moto, ndiyo maana kwenye usafiri wa meli zinahesabiwa kuwa mzigo wa hatari na lazima zitajwe. Mnakumbuka Beirut, Agosti 2020? Zile tani 2,750 za ammoniamu naitreti zilikuwa zimewekwa ghalani bandarini tu, zikalipuka, zaidi ya watu 200 wakafa. Bandari isiyojua kilichomo ndani ya mizigo inacheza na roho za watu.

Na sheria hizi hazijaanza jana. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, nchi zilikubaliana kanuni za ulinzi wa meli na bandari, zikaanza kutumika Julai 1, 2004. Ndiyo maana huwezi kujiingilia tu bandarini kwenda kuangalia mzigo wako. Tangu Julai 1, 2016 kontena lililojaa halipakiwi melini bila uzito wake kuthibitishwa.

Sasa ona gharama zinavyotembea. Kontena likikaa kupita siku za bure, bandari inadai pesa ya kuhifadhi. Mwenye meli naye anadai ya kuchelewesha kontena lake. Mwenye lori aliyekuwa ameshapangwa anadai siku za kusubiri. Dereva mmoja aliniambia getini wanaangalia kitambulisho chake, kibali, na namba ya lakiri, kile kifungo cha mlango wa kontena. Namba ikitofautiana na karatasi, hatoki. Yeye hajafungua hata boksi moja, lakini safari yake imekufa.

Zile gharama zote tuligawana kwa CBM. Mimi mwenye kava nikalipia pawabenki za mtu.

Niseme ukweli sasa, maana huu ukurasa ni wetu. Safari iliyotangulia na mimi nilileta pawabenki 20. Wakala yuleyule akaniambia, "Tunaandika kava tu, itakuwa rahisi." Nikanyamaza kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na mzigo ukapita. Kwa hiyo yule jamaa sina mdomo wa kumtukana. Ingeweza kuwa mimi.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Namuuliza wakala kabla sijalipa: kwenye kontena hili mnapakia betri, manukato, kemikali? Mnaziandikaje? Akijibu "usijali", natafuta mwingine.

2. Kitu chenye betri nakitaja kwa jina lake, na namdai muuzaji wa China karatasi za usalama wa betri. Gharama inaongezeka kidogo, naiweka kwenye bei.

3. Naomba nakala ya orodha ya mzigo wangu kama ilivyopelekwa forodha, nailinganisha na risiti. Kudanganya forodha ni kosa kisheria, na mzigo unaweza kutaifishwa.

4. Naweka akiba ya kuchelewa. Hiyo hela siigusi mpaka mzigo uwe dukani.

5. Mteja simtajii tarehe mpaka boksi liwe mkononi mwangu. Meli kufika siyo mzigo kutoka.

Kati ya wale 31, tisa walidai hela zao. Niliwarudishia wote, mtaji ukabaki nusu. Mmoja alishaandika kwenye komenti "tapeli", na hata baada ya kumlipa hakufuta. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko hela. Wengine 22 walisubiri kwa sababu niliwapigia mmoja mmoja nikawaeleza ukweli, bila kuwaficha kitu.

Wewe kontena lako la sasa unajua limebeba nini zaidi ya mzigo wako? Kama hujui, mpigie wakala leo, kabla meli haijafika.