Hukumu ya Bahari Juu ya Garissa

Mji wa Garissa umejengwa ukingoni mwa mto Tana, mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hata pwani iliyo karibu, kwa njia ya ndege, ni mwendo wa kilomita zipatazo 250. Mipaka ya kaunti yake haigusi maji ya chumvi popote, na wako wazee wengi katika Bula Iftin na vijiji vya jirani waliozaliwa, wakafuga, wakaoa na kuozesha, pasipo kuona wimbi hata siku moja. Anayesimama mbele yao kuzungumzia bahari kuu za dunia huonekana kuwa ameleta hadithi ya nchi za mbali. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba dhana hiyo ni batili, na kwamba ni vigumu kupata katika Kenya watu ambao riziki yao imetiwa mikononi mwa bahari zaidi ya wafugaji wa nchi hii kavu. Kwani mvuvi wa Lamu akinyimwa samaki leo hutweka tanga tena kesho, ilhali mfugaji aliyenyimwa mvua msimu mzima hawezi kuwafufua ng'ombe wake.

Sifa za bahari kwa jumla zimo katika vitabu vya shule, nasi tutazitaja na kupita. Imefunika sehemu 71 katika kila sehemu 100 za uso wa dunia. Imebeba sehemu 97 katika 100 za maji yote. Wastani wa kina chake ni mita 3,700 hivi. Na viumbe vidogo mno vinavyoelea ndani yake, visivyoonekana kwa jicho tupu, hutoa takriban nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani. Tena imemeza zaidi ya sehemu 90 katika 100 za joto la ziada lililoletwa na moshi wa viwanda na magari ya wanadamu. Jambo hili la mwisho ndilo linalotuhusu, maana joto hilo halikai kimya huko majini: huinua mvuke, mvuke huwa wingu, na wingu huenda unakotaka upepo, si anakotaka mwenye ng'ombe.

Hebu msomaji aitazame ramani. Garissa iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Singapore, iliyo digrii moja na kidogo kaskazini ya mstari huo huo, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na bonde la Kongo limefunikwa na misitu isiyopenywa na jua. Garissa hupata kiasi cha milimita 300. Wengi hudhani kuwa ukavu huu ni tabia ya udongo, au, kama wasemavyo wakali wetu, adhabu. Ukweli ni kwamba sababu kubwa iko baharini. Kwenye visiwa vya Indonesia, ambako maji ni ya joto sana, hewa hupanda juu na kumwaga mvua nyingi. Hewa iliyopanda kule haina budi kushuka mahali, na aghalabu hushuka upande huu wetu wa Afrika ya Mashariki, nayo hewa ishukayo haifanyi wingu.

Sababu ya pili ni upepo wa kusi, nao unastahili kusimuliwa polepole. Katika miezi ya Juni hata Septemba, ambayo wafugaji wa Kisomali huiita Hagaa, upepo huu hutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, hupita kaskazini ya Bukini, hukutana na nyanda za juu za Kenya na Uhabeshi zinazouzuia kwenda magharibi, kisha hugeuka na kubanwa juu ya tambarare za Garissa na Wajir, ukaenda mbio kiasi kwamba, kwenye kimo cha kilomita moja hivi, kasi yake huweza kupita kilomita 60 kwa saa. Mtaalamu wa hali ya hewa Findlater aliandika habari zake kwa urefu mwaka 1969, na hata leo mkondo huo wa hewa huitwa kwa jina lake. Mkaazi wa Iftin anaujua bila kitabu: ndio unaogongagonga mabati usiku, unaotia mchanga katika nguo zilizoanikwa na katika chai ya maziwa, na unaosomba mifuko ya plastiki mpaka ikanasa kwenye miiba ya mathenge. Asilolijua mkaazi huyo ni kwamba upepo huo huo, ukiisha kumpita, huvuka Somalia, huingia baharini upande wa Ras Hafun, huvuka Bahari ya Arabu hali ukikusanya mvuke, na kufika India kuwanyeshea wakulima wa mpunga. Tena hapo pwani ya Somalia huyasukuma maji ya juu yaende mbali, maji ya baridi ya vilindini yakapanda badala yake, yakiwa yamejaa rutuba inayolisha samaki wengi; lakini maji ya baridi hutoa mvuke haba, na hilo nalo huongeza ukavu wa bara. Hivyo Mhindi amepata mvua, Msomali wa pwani amepata samaki, na aliyepitiwa juu ya paa lake ameachiwa vumbi.

Msimu wa vuli, yaani Deyr, kuanzia Oktoba hata Desemba, una kanuni nyingine. Mwaka 1999 wataalamu N. H. Saji, T. Yamagata na wenzao walieleza kwamba Bahari ya Hindi ni kama mizani ya dukani, kitanga kimoja kikiwa karibu na Sumatra na kingine karibu nasi. Miaka fulani upande wetu hupata joto kuliko desturi na ule wa Sumatra hupoa; hapo hewa ya kupanda huhamia kwetu na mvua hutupiga bila kiasi. Miaka mingine mizani huinama upande wa pili, na mawingu hayaonekani. Tofauti ya digrii moja au mbili tu, ambayo mtu akichovya mkono majini hangeitambua, ndiyo hukata kesi. Mwaka 1961, mwaka 1997, mwaka 2019 na mwaka 2023 mizani iliinama kwetu, na mto Tana ukafurika. Katika mafuriko ya Novemba 2023 barabara ya kwenda Nairobi ilikatwa na maji. Kabla ya hapo, tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa, kwa kuwa bahari ya Pasifiki ilikaa katika baridi miaka mitatu na kitanga chetu nacho kikapoa, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa.

Mvua nyingi nayo si neema tupu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, huenezwa na mbu. Na miongoni mwa mbu hao wako wa jamii ya Aedes, wanaotaga mayai katika udongo wa vibonde vinavyotuamisha maji. Virusi huweza kurithiwa na yai lenyewe, na yai hilo hukaa katika udongo mkavu, likiwa hai, miaka mingi, likingoja gharika. Gharika ya 1997 ilipokuja, mayai yaliangua kwa pamoja. Kabla ya mwaka kwisha mbuzi na kondoo walikuwa wakitupa mimba na watu wakifa kwa kutokwa damu, na wataalamu walikadiria baadaye kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu wapatao 27,500 waliambukizwa. Mwaka 1998 Saudia ikafunga milango yake kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Mwaka 2006 hali iliporudi, wachunguzi waliokuwa wakipima kwa setilaiti joto la bahari na ukijani wa nchi walitoa hadhari majuma kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Lakini chanjo ya mifugo haina budi kumtangulia mbu, na hadhari ikikawia hubaki kuwa habari tu. Homa iligunduliwa Garissa mwezi wa Desemba, na katika Kenya ikaua watu zaidi ya 100.

Hata nzige walioingia Mandera mwishoni mwa 2019, wengi kuliko wote waliopata kuonekana Kenya kwa miaka 70, walikuwa zawadi ya bahari: tufani mbili za mwaka 2018, Mekunu na Luban, zilinyesha juu ya jangwa la Rub al-Khali huko Arabuni, na nzige wakazaana humo pasipo mtu kuwaona.

Insafu yatutaka tuseme kwamba nasi tunaipa bahari kitu. Yale maji ya hudhurungi yapitayo chini ya daraja la Garissa yamebeba udongo wa milima, nao hufika Kipini na kuirutubisha ghuba ya Ungwana, ambako kamba huvuliwa kwa wingi.

Leo maboya yapatayo 4,000 yanaelea katika bahari zote, yakizama hata mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku kumi kutuma habari za joto na chumvi kwa setilaiti. Kuna wakati, enzi za maharamia wa Somalia, meli za utafiti zilishindwa kutega vyombo vya kupimia katika sehemu iliyo mkabala nasi, na hasara hiyo hakuna aliyeilia Garissa ingawa ilikuwa yetu. Vipimo vya maboya na vyombo hivyo ndivyo vinavyotumiwa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya inapotangaza matarajio ya vuli, mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Utabiri wa masika, ambayo ni Gu, bado ni dhaifu. Wa vuli una nguvu zaidi, kwa sababu mizani ya bahari huonekana ikiinama mapema. Sidharau wazee wanaosoma nyota na upepo, bali nawasihi wao na vijana wao, kabla ya kupeleka mnyama soko la mifugo mwezi wa Septemba, wamuulize ofisa wa hali ya hewa wa kaunti swali moja: bahari upande wetu mwaka huu ina joto au imepoa? Naye ofisa ajibu kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kabla ya mvua kufika.